Msamaha wa Kwenye Filamu

Arletha Gaines alikubali kamera ziingie nyumbani kwake kwa sababu moja tu: alitaka watu wajue kwamba Roscoe hakuwa mlevi. Ndivyo walivyosema pale mjini, kati ya visima vya mafuta vya magharibi mwa Texas, kila walipomwona mumewe akizurura bila viatu nje ya maduka. Ubongo wake ulikuwa umeharibiwa na miaka ya kugonganisha vichwa katika futiboli ya Kimarekani, kwanza shuleni, kisha kwenye ligi ya kulipwa. Daktari alilisema hilo waziwazi. Mji haukutaka kulisikia.

Mtengenezaji wa filamu, Tess Hallam, alikuwa mwanamke mpole, aliyekula mkate wa mahindi jikoni kwa Arletha kama binti wa nyumba ile. Siku moja akaja na mgeni bila kutoa taarifa, mtu mzima aliyesukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Arletha alipomwona alishika ukingo wa meza. Alikuwa Dwayne Pruitt. Kwenye fainali ya shule za jimbo, wote wawili wakiwa vijana, Roscoe alimvamia Dwayne kwa kichwa akamvunja shingo. Pigo lile lilirudiwarudiwa kwenye televisheni mpaka likampatia Roscoe nafasi ya kuchezea timu ya chuo. Dwayne hakusimama tena.

"Mbona hukuniambia?" Arletha alinong'ona.

"Ningekwambia ungekataa, mama," Tess alijibu.

Kamera zilikuwa zimeshawashwa. Roscoe alikuwa kwenye kochi, akikunja na kukunjua taulo. Aliinua macho, akamtazama mgeni kwa huruma.

"Karibu, ndugu yangu. Nani kakufanya hivi?"

Dwayne alimtazama usoni.

"Kijana mmoja tu," alisema. "Tulikuwa tunacheza."

"Alikuja kukuomba radhi?"

"Hapana."

"Mshenzi huyo. Hakufunzwa kwao." Roscoe alijikongoja, akamfunika Dwayne miguu kwa lile taulo, kisha akaupapasa mkono wake uliokufa ganzi. "Usijali. Nikimwona nitamwambia."

Tess alikuwa akifuta machozi. Fundi wa sauti akamnong'oneza jambo.

"Samahanini sana," Tess alisema. "Friji imeunguruma. Tunaweza kurudia kidogo? Pale tu anapokushika mkono."

"Binti," Dwayne alisema taratibu, "nitoeni humu."

Arletha alimsukuma mwenyewe mpaka barazani. Upepo ulikuwa wa vumbi.

"Nina maneno ya kumwambia yule mtu tangu ujana wangu," Dwayne alisema bila kumtazama. "Mabaya, mabaya kweli. Nimeyapanga nikiwa kitandani, maana kazi yangu ni kulala. Sasa nitamwambia nani?"

"Niambie mimi."

"Wewe hukunigonga."

Arletha alitaka kuomba radhi kwa niaba ya mumewe. Lakini neno hilo halikuwa lake kulitoa.

Roscoe alifariki majira ya baridi. Filamu ilipokamilika ilionyeshwa kwenye ukumbi wa shule, Ijumaa, kabla ya mechi. Swali la Roscoe lilikuwa limekatwa, na matusi yake, na majibu ya Dwayne. Ulibaki ule mkono ukipapaswa, na uso wa Dwayne wenye macho mekundu, na piano ikipigwa polepole. Watu wazima walilia. Walisimama wakapiga makofi, wengine wakamkumbatia Arletha, kisha wote wakaelekea uwanjani kuwashangilia vijana wao. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Roscoe mlevi.

Baada ya wiki chache Dwayne alipiga simu.

"Watu wananisimamisha dukani," alisema. "Wananishukuru kwa kumsamehe mumeo."

"Ulimsamehe?"

"Unajua wewe ndiye wa kwanza kuniuliza?"

"Basi nijibu."

"Hapana, Arletha. Sijamsamehe."

"Najua," alisema.

Walibaki kwenye simu, kila mmoja akimsikia mwenzake akipumua, mpaka dada yake Dwayne, aliyekuwa akimtunza, alipoingia kumgeuza ubavu, wakaagana.