Jina Lililoazimwa

Hasira zangu ni moto wa mabua, na mume wangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Yeye ni kinyozi. Akiniona naingia saluni kwake nimebana mkoba kwapani na sisalimii wateja, huwa anaweka wembe chini kwanza. Siku ile aliuweka chini, mteja akabaki na povu upande mmoja wa uso.

Nilikuwa natoka kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Mimi ni fundi wa makochi. Miaka yote nimeshonea kibarazani kwetu. Mvua ikinyesha, kochi la mtu linaingia sebuleni na sisi wenye nyumba tunabanana jikoni. Sasa nilikuwa nimepata chumba kikubwa nyuma ya duka la vioo, kina sakafu kavu na mlango mpana wa kupitisha kochi la watu watatu bila kulipindua. Mwenye chumba angenisubiri hadi Ijumaa tu. Mkopo ulikuwa umeshapita, mdhamini wangu ni mume wangu, imebaki kusaini. Ndipo yule binti wa mikopo alipoiangalia kompyuta yake mara mbili, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, wewe huna tatizo. Tatizo ni baba. Jina lake limo kwenye orodha ya wasiolipa."

Nilicheka. Mume wangu hurudi dukani juani kurudisha chenji iliyozidi. Lakini binti hakucheka. Ulikuwa mkopo wa simu, mdogo, uliochukuliwa kwa jina lake na kwa laini yake, ukabaki mkia haujalipwa, na ule mkia ukaanza kuota faini. Nikamwambia hapo kuna mwizi. Akasema huenda, basi mkamtafute kabla ya Ijumaa.

Saluni nilimkuta Breki amekaa kwenye benchi la wateja, anasimulia. Breki anachomelea mageti, ni rafiki wa mume wangu tangu wangali vijana, na jina hilo alilipata kwa sababu baiskeli yake haikuwa na breki kabisa. Alikuwa anasimamisha gurudumu kwa soli ya kandambili. Vijana wanne walikuwa, kila mwisho wa wiki wanafunga maji na viazi vya kuchemsha kwenye keria za baiskeli, wanakwenda mpaka ziwani na kurudi. Hadithi hizo nimezisikia hadi naweza kuzisimulia mimi, na kwa kweli nazisimulia vizuri kuliko yeye.

"...basi mteremko ule, kandambili ikakatika," alikuwa anasema. "Nikapita wenzangu wote, nikapita lori, nikapita na kuku..."

"Shemeji, samahani, kuku wasubiri," nikamkata. Nikamgeukia mume wangu. "Umekopa lini kwa simu?"

"Mimi? Kukopa?"

"Lete hiyo simu."

Iko pale pale inapokaa siku zote, kwenye rafu ya mafuta ya nywele, inachajiwa. Nikafungua ujumbe. Jamani! Ujumbe wa kumkumbusha deni ulikuwa umejaa kama nywele sakafuni, wa kubembeleza, wa kuonya, wa kutisha, na hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

"Nilidhani ni matangazo ya kamari," akasema.

"Namba yako ya siri anaijua nani?"

"Hakuna mtu. Labda hawa wenzangu. Ni ile namba ya makufuli."

Hapo nikaelewa, na damu ikanichemka upya. Makufuli ya baiskeli zao yote manne yalikuwa na namba moja. Ndiyo ilikuwa sheria yao: baiskeli ya mmoja ni ya wote, unayoikuta chukua bila kuomba, ila uirudishe kama ulivyoikuta, na upepo umejaa. Na huyu mume wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa ameifanya namba ile ile ndiyo ufunguo wa pesa zetu, eti kwa heshima ya ujana.

Nilipogeuka, Breki alikuwa anaangalia mikono yake.

"Shemeji," akasema taratibu, "ni mimi."

Mteja mwenye povu akajifanya hayupo.

"Ni siku binti yangu alipopelekwa kujifungua kwa kupasuliwa. Walitaka malipo kwanza. Akiba yangu iko kule kule kwenye chama chetu, na kuitoa mpaka uandike barua usubiri. Nikaja hapa mbio. Huyu alikuwa na wembe kwenye shingo ya mtu. Simu nikaiona pale. Sikuomba, shemeji. Sisi hatukuwahi kuombana."

"Na kulipa je?"

"Nililipa! Yote niliyochukua, mpaka senti ya mwisho, kabla mtoto hajaanza kukaa."

"Na riba?"

Akanitazama kwa macho safi kabisa. "Riba gani?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, maana mengine yalimgusa marehemu mama yake ambaye hakunikosea kitu. Nikamuuliza kwa nini hakukopa kwa jina lake mwenyewe. Akajibu kwamba hajawahi kukopa tangu azaliwe, deni analiogopa, akiwa na deni hapati usingizi. Yaani analiogopa deni kiasi hicho, halafu analiweka kwenye jina la mwenzake! Nilitamani kumpiga na kile kiti cha kuzunguka.

Mwishowe mume wangu akasema, "Baiskeli umeirudisha, ndugu yangu, lakini bila upepo." Mteja akashindwa kujizuia, akacheka hadi povu likamwingia mdomoni. Mimi sikucheka. Nilitoka nje, nikasimama ukutani nikalia, kwa sababu chumba changu kilikuwa kinakwenda na sikuwa na mwizi wa kumshika. Nilikuwa na mtu aliyemwokoa mwanawe.

Kesho yake tulikwenda kwenye chama watu watatu. Ule mkia wa deni Breki alikuwa ameshaulipa asubuhi kwa mkono wake, pamoja na faini, na karatasi ya malipo aliishika kwa mikono miwili. Tukiwa kwenye foleni, wale wawili wakaanza tena habari za ziwani, kwanza kwa kunong'ona, kisha nani alianguka matopeni, nani alilia. Nikawatazama kwa jicho baya. Wakashusha sauti, kisha wakaendelea.

Binti wa mikopo aliipokea karatasi. Akasema jina la baba litasafishwa, ila huchukua wiki kadhaa, na Ijumaa haitafika likiwa safi. Akamwambia mume wangu abadilishe namba ya siri leo hii, asome ujumbe wote, hata ule unaofanana na kamari, na mara moja moja aombe taarifa ya madeni yaliyo kwenye jina lake.

"Jina ni kama mswaki, baba," akasema. "Ndugu unampenda, lakini kila mtu na wake."

"Binti yangu, namba hii tumekula nayo ujana," mume wangu akalalamika.

"Ujana umekwisha," nikamwambia. "Badilisha."

Akabadilisha, huku amempa Breki mgongo. Niliona jinsi ilivyowauma wote wawili.

"Kwa hiyo, mama, ni mpaka upate mdhamini mwingine," binti akaniambia.

"Niangalieni mimi," Breki akasema kutoka kwenye kiti cha mlangoni.

Binti akaingiza namba yake ya uanachama. Akasogea karibu na kioo cha kompyuta, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mzee, huna doa hata moja. Umeweka tangu ujana na hujawahi kukopa. Lakini elewa: ukimdhamini mama, akiba yako inafungwa mpaka amalize. Akishindwa, tunakata kwako."

Akiba ile ndiyo uzee wote wa Breki. Nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo, na hasira zangu zikaisha pale pale, zikabaki huruma tu.

"Shemeji," nikamwambia, "usifanye kwa aibu."

"Aibu niliimaliza jana. Leo naogopa tu."

Akachukua kalamu, akaishusha. Kisha akanigeukia, mtu huyu ambaye maisha yake yote alichukua bila kuomba na kutoa bila kuulizwa, akauliza. Nalipa kiasi gani kwa mwezi? Nikiugua je? Wateja wakipungua? Ngozi ikipanda bei? Nilivuta kiti nikakaa karibu yake, nikamweleza yote, kochi kwa kochi, hata mambo ambayo mume wangu hajawahi kuniuliza. Sikuwahi kuhojiwa hivyo kuhusu kazi yangu, kama kazi ya mtu wa maana. Binti akaenda kunywa chai akarudi, Breki bado anauliza. Ndipo akasaini.

Ijumaa nilipewa funguo. Makochi yamo ndani sasa, mvua inyeshe inavyotaka. Kila mwisho wa mwezi nikishalipa rejesho, mtu wa kwanza kumpigia simu ni Breki, maana najua hajalala.