Beseni Moja

"Toka," mama alisema, amepiga magoti, shavu limegusa sakafu. "Bosi, toka huko chini, maji yanapoa."

Chini ya kitanda macho mawili yalimtazama bila haraka. "Bosi hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Kazini."

Juu ya kitanda hicho hicho, Mdogo alikuwa akijinyonganyonga ndani ya taulo, keshavuliwa nguo, ngumi kazikunja kama mtu aliyejiandaa kudai haki yake. Mama yake alimjua. Kwanza ngumi, kisha kidevu kinatetemeka, kisha mtaa mzima unapata habari. Na sebuleni, upande wa pili wa pazia, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti kama abiria aliye kituoni. Ubavuni mwake lilisimama begi lililofungwa zipu vizuri, na ndani ya begi zilikuwamo nguo zote za Bosi, isipokuwa zile za kuvaa leo.

"Mwanangu," mama mkwe aliita, "nipe mmoja basi nikusaidie. Gari la jioni halimsubiri mtu."

"Hapana, mama. Leo niachie wote wawili."

Alilitoa neno hilo akajishangaa. Hakuwahi kuwaogesha wote wawili kwa mpigo. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya kuagana tu, kwamba mtoto anayekwenda kukaa mbali anastahili kuoga mikononi mwa mama yake. Lakini moyoni kulikuwa na jambo jingine lililokataa kusemwa.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba Bosi achukuliwe. Hakuna aliyemlazimisha.

Bosi alipewa jina hilo na majirani, maana alianza kutoa amri kabla hajajua kutembea sawasawa. "Kaa!" "Lete!" "Wewe, nenda!" Watu walikaa, walileta, walikwenda, wakicheka. Mdogo alipozaliwa, amri zikaongezeka na wa kuzitii wakapungua. Baba yao ni dereva wa lori, anakuja nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Mama akabaki peke yake na watoto wawili na mikono miwili, na kila alasiri, saa ya kuoga, ikawa vita.

Alikuwa akimwogesha Mdogo kama mama mkwe alivyomfundisha kwa Bosi: unaketi kwenye kigoda, unanyoosha miguu, mtoto unamlaza chali juu ya miundi yako, kichwa chake kimeegemea vifundo vyako, nyayo zake zikikuelekea tumboni. Mikono yako yote inabaki huru. Mtoto hatelezi, hazami, haogopi. Ubaya wake ni mmoja tu: mtoto akishalala hapo, na mama amefungwa. Huwezi kunyanyuka ghafla.

Wiki iliyopita Mdogo alikuwa hapo juu ya miguu, povu mpaka masikioni, mlango wa nje ulipolia. Aliita, "Bosi?" Kimya. Aliita tena. Akamkumbatia Mdogo vile vile na povu lake, mtoto anateleza kama samaki, akatoka mbio na nguo iliyolowa ikimgonga magotini. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa anakuja naye, amemshika mkono.

"Ni wa kwako huyu, dada? Alikuwa katikati ya barabara. Anaisimamisha pikipiki."

Usiku ule alimpigia mama mkwe simu. "Mchukue, mama," alisema. "Mpaka huyu mwingine aweze kukaa mwenyewe." Mama mkwe, anayeishi peke yake tangu mumewe afariki, hakuuliza hata swali. Alisema, "Nakuja Jumamosi," kama mtu aliyekuwa amekaa karibu na simu akisubiri. Baba yao naye, huko barabarani alikokuwa, alisema, "Mtakavyoona nyie wawili ndivyo."

Sasa Jumamosi ilikuwa hii.

"Bosi, mwanangu. Kwa nini hutaki kuoga?"

Kutoka gizani: "Maji ya Mdogo."

"Ni ya kwenu wote."

"Ya Mdogo," sauti ilisema, kwa subira ya mtu anayemweleza asiyeelewa. "Ya Mdogo. Baridi."

Mama alitaka kubisha, kisha akaikumbuka kazi yake ya zamani. Kabla tumbo la mimba ya Mdogo halijamzuia kusogea mezani, alikuwa akifua na kupiga pasi kwa dobi. Huko sheria ya kwanza aliyofundishwa, kabla hata hajaonyeshwa pa kutundika mkoba, ilikuwa hii: nyeupe kwanza. Nguo nyeupe zinaingia kwenye maji mapya, za rangi zinafuata kwenye maji yale yale, maana za rangi hazionyeshi. Mikono yake iliizoea sheria hiyo mpaka ikaileta nyumbani bila kumwuliza. Kila siku Mdogo aliingia kwanza. Alioga, akafutwa, akapakwa mafuta, akavishwa, akanyonya, akabembelezwa. Ndipo Bosi alipoitwa, maji yamefanya utando wa sabuni juu yake na ukiyagusa mwili unasisimka. Mama humwagia kikombe cha maji ya moto kilichosalia, kama kilisalia, na kusema, "Haraka haraka, Bosi, utapata mafua."

Aliinuka. Alimwaga maji yote ya beseni kwenye tundu la bafuni, akarudi jikoni na kuliepua sufuria zima.

"Unafanya nini tena?" mama mkwe aliuliza. "Yale yalikuwa na kasoro gani?"

"Yamepoa, mama."

Beseni lilikuwa la bati, pana, dobi alimgawia lilipotoboka, akaliziba. Alilisukuma mpaka likagusa ukuta wa bafuni, akachanganya maji, akachovya kiwiko. Kisha akarudi chumbani, akainama.

"Njoo uonje wewe. Sijui kama yako sawa."

Kichwa kilitokeza, na vumbi kwenye nyusi. Bosi alimfuata mpaka bafuni, akatumbukiza mkono hadi kwapani na shati lake, akafikiri.

"Moto kidogo," alisema.

"Yanafaa?"

"Yanafaa." Akaanza kujivua mwenyewe, kichwa kikakwama kwenye shingo ya shati, akakinasua akiwa anahema.

Mdogo huko kitandani alikuwa amefika kwenye kidevu. Mama alimleta, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu juu ya upande mmoja wa beseni, visigino vikakaa kwenye ukingo wa mbele, akamlaza mtoto juu ya miundi yake kama kawaida. Upande uliobaki, katikati ya ukuta na miguu ya mama, Bosi aliketi ndani ya maji. Hapakuwa na njia ya kutokea. Mama aliliona hilo kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita mabega yake yakashuka.

Hayakukaa chini sana. Bosi alipiga maji kwa viganja vyote viwili, kwa furaha tupu, na wimbi zima likampata Mdogo usoni. Mdogo alikata pumzi. Mdomo wazi, macho wazi, hakuna sauti. Kimya kile kirefu kinachomfanya mama azeeke pale pale. Kisha kilio kikaja, chote kwa pamoja.

Pazia likavutwa. "Si nilisema!" Mama mkwe alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni. "Nipe huyo. Nipe, utakuja kumwua mtu hapa."

"Sijafanya mimi," Bosi alisema, mdomo wa chini umeanza kusogea mbele. "Sijafanya. Maji yameruka."

Mama alimwinua Mdogo kifuani, povu likamjaa shingoni. Mikono ya mama mkwe ilikuwa pale, imenyooshwa, mikono mizuri iliyokwisha kuogesha watoto wengi kuliko yeye. Ilikuwa rahisi sana kumpa. Angempa mmoja sasa, na mwingine baada ya nusu saa, na nyumba ingetulia.

"Bado, mama," alisema.

"Haya." Mama mkwe alirudi nyuma hatua, akaegemea mlango. "Jikaze kisabuni. Tutaona."

Akamlaza tena. Kopo la kumwagia lilikuwa likielea karibu na goti la Bosi. Mama aliliangalia.

"Bosi. Mimi sina mkono. Huu umeshika shingo, huu una sabuni. Nani atamwagia?"

Bosi alitazama kulia, akatazama kushoto, kama kwamba bafuni mle mlikuwa na foleni ya watu. "Mimi?"

"Kidogo kidogo. Anza na bega. Usoni hapana, usoni ni kazi yangu."

Bosi alichota. Alilileta kopo kwa mikono miwili, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, maji yakimwagika njia nzima, na kilichofika begani kwa Mdogo kilikuwa kama kijiko. Lakini kilikuwa cha uvuguvugu. Mdogo alinyamaza. Akageuza shingo yake legelege kuelekea kule maji yalikotoka, akakutana na uso wa dada yake, karibu kuliko alivyowahi kuuona.

"Ananiona," Bosi alisema kwa kunong'ona.

"Anakuona. Endelea."

Bega jingine. Mkono. Kitovu, ambacho Bosi alikiangalia, kisha akaangalia chake. Mama alisugua mikunjo ya shingo, ya kwapa, ya mapaja, na kila aliposema "hapa," kopo lilifika, na likichelewa alisubiri. Sabuni ilikuwa ikiondoka polepole kuliko siku zote. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa saa ya ukutani.

Ndipo Mdogo, baada ya kupashwa moto vizuri, alipoachia mkojo. Ulipanda juu kama upinde, ukang'aa kwenye mwanga wa dirisha dogo, ukatua sawia kwenye kidevu cha Bosi.

Mama aliganda. Alijua hiki kitakuwa kilio cha kuvunja dirisha.

Bosi aligusa kidevu chake. Alimtazama Mdogo kwa heshima mpya kabisa.

"Tena," aliamuru.

Mama alicheka mpaka miguu ikatikisika na Mdogo naye juu yake, akarukaruka, akatoa sauti ndogo isiyo kilio. Mlangoni kulisikika kikohozi. Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimcheza.

"Baba yake mtupu," alisema alipoweza kusema. "Alimfanyia hivyo hivyo babu yake, siku amevaa suti." Akafuta macho. Kisha akaangalia nyuma yake, sebuleni, lile begi, na kicheko kikaisha kidogo kidogo.

Mama aliliona alilolitazama. Lile lililokataa kusemwa likapanda, na safari hii hakulirudisha.

"Mama, asiende."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kopo la Bosi.

"Najua ni mimi niliyekupigia simu. Najua umesafiri tangu alfajiri. Nilikuwa nimeogopa. Bado naogopa. Lakini asiende."

"Godoro nimeshamnunulia," mama mkwe alisema, akiiambia fremu ya mlango. "Dogo, la maua. Nimelitandika chumbani kwangu, pembeni ya kitanda, akiamka anione. Majirani wote nimewaambia."

"Najua, mama."

"Hujui." Hakusema kwa ukali. "Nyumba ikinyamaza, mwanangu, hata kijiko ukikiangusha unashukuru."

Mama alikuwa ameomba mkono wa msaada na mtu akaleta moyo mzima, na sasa anaambiwa arudi nao. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, sisimizi walikuwa wakitembea ndani ya nyayo.

"Kaa na sisi basi," alisema mwisho. "Hata wiki mbili. Hata moja."

"Na kuku wangu unawalisha wewe?"

"Si yuko yule jirani yako, mama?"

"Yule? Yule atawala."

Hakuna aliyecheka. Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Mama alimkunja Mdogo ndani ya taulo, akamwegemeza begani, akajaribu kusimama, akashindwa, akashika ukuta. Bosi naye alisimama ndani ya beseni, maji yakimchuruzika, akainua mikono yote miwili.

"Bibi," alisema. "Nitoe."

Mama mkwe alimtazama mtoto, kisha akalitazama dirisha, jua lilivyokwisha kulala ukutani, saa ya gari la jioni ikikaribia. Alichukua taulo lililobaki. Alimwinua Bosi, akamfunika mpaka kichwani, akaenda naye chumbani, akaketi kitandani akampakata.

Mama alifika mlangoni akichechemea, Mdogo amelala begani, akasimama pale. Mama mkwe alikuwa ameushika mguu wa Bosi kiganjani. Alifuta kisigino, alifuta unyayo, kisha akaanza vidole, kimoja kimoja, akiingiza ncha ya taulo katikati, taratibu, kama vitu vinavyovunjika. Alimaliza kidole cha mwisho kabisa. Alikitazama.

Kisha akarudi kwenye kile cha kwanza, akaanza upya.