Njia ya Shemsa

Dada yangu Shemsa aliapa kuwa hatapanda tena baiskeli. Lori lilimkwangua kiwiko kwenye barabara ya Fumba, na ingawa hakuanguka, alirudi nyumbani Mkunazini akiikokota baiskeli kwa mkono, uso umemsawijika.

"Nitafutie njia isiyo na magari," alinambia. "Ukikosa, mpe mtu hiyo baiskeli. Mie basi."

Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, na katika kundi letu la waendesha baiskeli hakuna aliyekuwa akinishinda mbio. Nisingekubali dada yangu ashindwe na lori. Nikaingia kutafuta njia kwenye msitu wa maweni, upande wa nyuma ya Chwaka, ambako ardhi ni jiwe tupu na miti imejipenyeza kwenye nyufa.

Kazi haikuwa rahisi, kwa sababu kundi letu ni la watu mbalimbali. Kumail, ambaye baba yake ana duka la baiskeli Darajani, anaruka mawe kama mbuzi na hukasirika njia ikiwa laini. Shangazi yake, Bi Marziya, amepita hamsini na huenda polepole bila kusimama. Shemsa bado anakamata breki hata penye tambarare. Ukitafuta njia ya mmoja, unamfukuza mwengine.

Mwishowe nikaipata. Njia ya wakata kuni iligawanyika mbele ya mgongo wa mawe: mkono mmoja ulipanda juu ya mgongo, mkali, wenye mawe ya kukata tairi, mkono wa pili uliuzunguka kwa chini, mchanga na majani makavu. Mbele kidogo mikono yote ikakutana kwenye uwazi chini ya mkuyu. Wakali wangepita juu, wengine chini, tukutane mkuyuni, safari iendelee. Nilijiona nimemaliza kazi.

Ijumaa asubuhi tukapakia baiskeli kwenye pikapu ya Kumail, tukaenda. Pale njia inapoacha lami tulimkuta mtu mmoja wa Chwaka, Mcha, anafunga kuni nyuma ya baiskeli yake ya zamani. Tulimwamkia, akaitikia, akatuangalia kofia zetu na glavu zetu.

"Mnakwenda vitani?" akauliza.

"Tunakwenda kutembea," Shemsa akacheka.

"Haya. Mkiwa humo ndani, msiitane majina. Mtu akipotea, pigeni kengele."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Huku kwetu hatuitani tu." Akakaza kamba, akapanda, akaenda zake.

"Labda wanadaiwa," Kumail akasema, tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Mtu wa mjini mzima, nipangiwe namna ya kumwita dada yangu.

Tulipofika kwenye mgawanyiko nilikata tawi la majani, nikaliweka kwa kukingama mbele ya njia ya juu, ili Shemsa na Bi Marziya waone kuwa si yao.

"Kwa hiyo sie ndio dhaifu," Shemsa akasema.

"Sie ndio wenye akili," akajibu Bi Marziya. "Wale wakavunje meno. Twende, mwanangu."

Nikapanda na Kumail. Njia ilikuwa tamu. Tuliruka, tukayumba, tukapigwa na matawi, tukatokea mkuyuni majasho yanatutiririka. Wenzetu hawajafika. Tukakaa. Nilianza kusikia jinsi pahala pale palivyonyamaza: hakuna ndege, hakuna chura, hata majani yalisimama. Kumail naye alisikia, maana aliacha kuzungumza, na Kumail haachi kuzungumza.

Nikachoka kungoja.

"Shemsa!" nikaita kwa nguvu.

"Naam."

Sauti ilitoka kushoto, karibu kabisa, nyuma ya pazia la mimea ya kutambaa. Ilikuwa sauti yake, na ule mkwaruzo mdogo alionao akipata mafua.

"Ah, wametutangulia," Kumail akasema, akaelekea huko. Nami nikainuka. "Shemsa, mmepita wapi?" nikauliza.

"Naam."

Kumail alikwishaigawa ile mimea kwa mikono miwili nilipomrukia, nikamkamata shati kwa nyuma na kumvuta mpaka tukaanguka wote.

"Una wazimu?"

"Dada yangu haitikii hivo."

Nyumbani kwetu mwanamume ndiye anayesema naam. Mwanamke husema abee. Bibi yetu alimfinya Shemsa masikio tangu hajajua kutembea sawasawa, na mpaka leo ukimwita usingizini atakujibu abee. Nimeishi naye maisha yake yote. Hajapata kuniitikia naam hata kwa mzaha.

Kumail akaokota jiwe, akalirusha nyuma ya mimea. Tukasikiliza. Likachelewa. Halafu likagonga, mbali sana chini, likagonga tena, likanyamaza.

Tukaacha baiskeli pale, tukakimbia kwa njia ya chini kuwafuata. Tulimkuta Bi Marziya amesimama katikati ya njia, ameshika baiskeli mbili, ya kwake na ya Shemsa.

"Yuko wapi?"

Akaniangalia kama aliyeniona natoka pasipotoka mtu. "Si umemwita? Nimekusikia kwa masikio yangu. Umesema, 'Mdogo wangu, njoo uone.' Ameacha baiskeli, ameingia hapo."

Nikamwambia nilitamka jina lake na kuuliza wamepita wapi, basi. Nalo neno mdogo wangu sijapata kulitumia kwake. Namwita we Shemsa, au namwita balaa.

Nilifungua kinywa nimwite. Bi Marziya akakiziba kwa kiganja.

"Ushalitaja jina lake," akanong'ona. "Usilitaje tena."

Kengele ya Shemsa ilikuwa hapa, kwenye usukani wa baiskeli aliyoiacha. Ningepiga yangu, yeye angejibu kwa nini? Na angejuaje kuwa ni mimi? Kitu kile kilikuwa na sauti yake na kilikuwa na sauti yangu. Nilitafuta kichwani kitu ambacho hakikuwa nacho, nikaona aibu, kwa sababu kilichokuja ni shairi.

Nililitunga nilipopata baiskeli yangu ya kwanza. Mimi naliona zuri. Shemsa kila nikilighani hunikata kwa mstari wake mwenyewe, mbele ya watu, ili nichekwe. Nikasimama mbele ya kile kichaka alichoingia, nikaghani kwa sauti yangu yote:

"Farasi wangu wa chuma, mbio zake ni upepo!"

Halafu kushoto, mbali, kule mkuyuni, ile sauti ya Shemsa yenye mkwaruzo ikasema, "Naam."

Na kulia, karibu, nyembamba, inatetemeka:

"Mwenyewe yuaja nyuma, na mnyororo haupo."

Nikaingia kulia, miiba inanichana. Nilimkuta amekumbatia mti kwa mikono yote miwili, na vidole vya viatu vyake vilikuwa ukingoni. Mbele yake palikuwa na shimo pana, jeusi, linalotoa ubaridi. Nilimkamata kiuno, nikamrudisha.

"Ulikuwa mle," akasema, hajanitazama. "Ukiniambia shuka, hakuna shimo. Ukiniita mdogo wangu, mdogo wangu. Nikasema huyu ana adabu, huyu siye."

Alitaka kucheka, ikashindikana.

Tulikwenda kuzichukua baiskeli zetu mkuyuni sote wanne tumeshikana, kisha tukatoka kwa njia ya chini, kimya, mmoja nyuma ya mwengine. Nilimweka Shemsa mbele yangu nione mgongo wake. Hakuna aliyelalamika kuwa mwenziwe anakwenda polepole. Nilipopita pale kwenye mgawanyiko sikuliondoa tawi.

Tulipoikanyaga lami, Kumail aliteremka kufungua pikapu. Hapo ndipo tuliposikia, nyuma yetu, kutoka ndani ya miti, sauti yangu. Ilighani taratibu, vizuri kuliko nilivyoghani mimi, kila mizani pahala pake:

"Farasi wangu wa chuma, mbio zake ni upepo."

Kisha ikanyamaza. Ilikuwa inangoja.

Nikaona midomo ya Shemsa inafunguka yenyewe, kwa mazoea. Akaing'ata. Akanitazama, macho yamejaa machozi, akatikisa kichwa. Hakuna aliyeumaliza ule ubeti.

Shemsa hakungoja pikapu. Alipanda baiskeli yake palepale, akaishika njia ya mjini. Nikamfuata. Alikwenda kwa kasi ambayo sijaiona kwake, na breki hakuzigusa. Huko mbele lori la mchanga lilitupita, likapiga honi masikioni mwetu, upepo wake ukatusukuma ukingoni.

Shemsa hakulitazama hata kidogo.