Mzuka Katika Hesabu za Wifi

Majirani walipomuuliza Mama watu wake wanafanya kazi gani chuoni, alijibu kwamba mkwe wake anafukuza mizuka na binti yake anamsaidia. Sikumsahihisha. Kwanza si uongo kabisa. Pili, hilo neno "anamsaidia" lilinichoma, na nikianza kubishana na Mama hatumalizi leo wala kesho.

Mkwe huyo ni mke wa kaka yangu, yaani wifi yangu, na meza zetu ofisini zimepakana. Milinganyo ya kawaida ya fizikia huuliza kitu kiko wapi na kinakwenda kwa kasi gani. Ya wifi haiishii hapo. Inauliza kasi hiyo inabadilikaje, na badiliko lenyewe nalo linabadilikaje. Udadisi huo una faida, kwa sababu hesabu ambazo kwa wengine hulipuka na kutoa majibu yasiyo na kikomo, kwake zinatulia. Gharama yake ni mzuka: chembe yenye nishati iliyo chini ya sifuri. Penye mzuka, nishati haina sakafu. Chembe za kawaida zinazidi kupanda, mzuka unazidi kuzama, na hata nafasi tupu haiwezi kutulia. Ulimwengu wa namna hiyo usingedumu hata kufumba na kufumbua.

Wifi alipata njia ya kuutoa. Aliongeza sharti linaloifunga ile chembe ya ziada isicheze peke yake, na mzuka ukatoweka bila ule utulivu kutoweka nao. Chuo kimoja cha nje kikamwahidi kazi, mradi makala aliyoandika kuhusu njia hiyo ichapishwe. Kaka, ambaye ni fundi wa friji na hajawahi kuishi mbali na wateja wake, alikuwa ameshauza makochi.

Ofisini kwetu makala haitoki mpaka mtu mmoja ajaribu kuivunja, na aivunje bila huruma. Mwenye makala ndiye humchagua mvunjaji. Wifi alinichagua mimi. Aliniwekea karatasi mezani akasema, "Haya wifi, kazi unayoipenda hiyo."

Nilinuna, kisha nikaanza. Katika kazi yetu, ukiona mtu ameandika "ni rahisi kuonyesha kwamba," chimba papo hapo. Wifi alikuwa ameandika kwamba ni rahisi kuonyesha kuwa sharti lake linadumu hata maada ikiongezwa. Sasa, sharti likitimia hivi sasa, lazima litimie na baadaye, la sivyo si sharti, ni bahati tu. Katika nafasi tupu lilidumu vizuri. Nilipoingiza maada ya kawaida, hii iliyotengeneza meza na watu, kipande kimoja cha hesabu kilikataa kufutika. Nikarudia kwa njia nyingine, kikabaki. Sharti lilikuwa linalegea kidogo kidogo, na mzuka ulikuwa unarudi.

Sikufurahi. Naomba niaminiwe, maana nyumbani hakuna aliyeniamini. Nilimpenda yule mwanamke kwa namna yangu ya kununanuna.

Kabla sijamwambia mwenyewe, nilimpigia kaka simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna mtu atakufa kwa hicho kipande?"

"Hapana."

"Hao wa jarida watakiona?"

"Huenda wasikione."

"Basi nyamaza, mdogo wangu. Mwache mwenzako apite."

Asubuhi nilimwonyesha wifi ubaoni. Alibisha, akaninyang'anya chaki, akahesabu mwenyewe na kufika pale pale. Alipomaliza alikaa, mikono imejaa vumbi jeupe, akauliza kama sharti la pili lingeokoa jahazi. Tulijaribu hadi mchana. Sharti la pili liliuondoa mzuka kweli, ila liliondoa na utulivu wote, na yale majibu yasiyo na kikomo yakarudi kama yalivyokuwa. Hapo wifi akamwandikia mhariri wa jarida kwamba hataituma tena makala aliyomwahidi, kisha akakiandikia kile chuo cha nje. Hakuniambia niondoke wala nibaki. Nilibaki.

Jioni nilikwenda kwao. Tulikaa juu ya masanduku yaliyokwisha kufungwa, sahani magotini. Kaka hakuitikia salamu yangu. Alikula kidogo, akanawa, ndipo akanitazama.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Kama asingekuwa wifi yako, ungechimba hivyo?"

Kwa kweli sikujua. Machozi yalinilengalenga, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

"Niulize mimi," wifi alimwambia mumewe. "Mahali pale nilipaogopa tangu mwanzo. Kila nikitaka kupahesabu, mkono unakuwa mzito. Pale ofisini wote wananipenda, wangesoma harakaharaka na kunipongeza. Huyu ananitafutia makosa tangu siku ya harusi yetu na hajachoka." Alinisogezea glasi ya maji. "Kama asingekuwa wifi yangu, nisingempa makala."

Nililia hadi kaka akanivulia shati lake nifutie uso, maana taulo zote zilikuwa bado ndani ya masanduku.