Waya Nyekundu, Mguu wa Kulia

...polepole, fundi, anasema, utamvunja mguu, yeye anayemshika mende kwa ncha za vidole na uso kaugeuza pembeni, ndiye ananifundisha mimi polepole, mimi niliyeinamia hadubini hii miaka kumi na tisa mpaka shingo imekataa kunyooka, haya, waya nyekundu mguu wa kulia wa kati, ndivyo unavyosema mchoro wake, kaubandika ukutani na sahihi yake chini, na wageni wako nje wanakunywa chai, wakiingia atabonyeza kitufe cha kulia, umeme utapita kwenye waya, mguu wa kulia utainuka, watapiga makofi... hautainuka, Profesa, utainuka wa kushoto, kwa sababu ulimchora mende akiwa chali, amebanwa kwa pini tumbo juu, na akilala hivyo kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, kosa la mtu ambaye hajawahi kumgeuza mdudu kwa mkono wake, nimelijua tangu juzi na nimelinyamazia, nalala nalo, naamka nalo, lina utamu wake, dada yangu anasema mwachie Mungu, mdogo wangu, lakini Mungu ana kazi nyingi, hii nitamsaidia... leta taa karibu, anasema, naileta, ndiyo Profesa, nilimwita hivyo hivyo siku ile, Profesa njoo uone, mende tulishamkata kichwa na bado anatembea, miguu mitatu inashika chini kama ya kigoda, mitatu inanyanyuka, halafu inapokezana, kila jozi na fundo lake la neva kifuani linalotoa mpigo, kichwa kinasema nenda, simama, geuka, basi, kazi yote inafanyika huku chini, na tazama, nikiupaka nta huu wa kati usihisi uzito, wa mbele unaning'inia hewani unangoja zamu, miguu inaulizana, Profesa... akasema hm. Hm tu. Baada ya miezi minane ile hm ikawa makala ya kurasa kumi na moja, na binti yangu akayapandisha na kuyashusha kwenye simu, mama, mbona jina lako silioni, labda liko mwisho, na mwisho palikuwa na shukrani kwa mafundi wetu, nikamwambia majina yote hayaenei, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa... kaza hapo, anasema, usiache ilegee, sawa, atacheka nani leo, watacheka wao, atabonyeza tena, wa kushoto tena, jasho litamtoka kwenye ule upara, halafu atasema... atasema nini? Atasema fundi wangu kachanganya waya. Ewe moyo, mbona hili hukulifikiria, atanigeukia na lile tabasamu lake la kusamehe, watanitazama mimi, mchimba kisima huingia mwenyewe, na nitasema samahani Profesa, maana ndilo neno ninalolijua humu ndani, nilinyamaza kwenye hm, nikanyamaza kwenye makala, na leo nataka kumwadhibu kwa kunyamaza tena, mjinga mimi, hiyo si adhabu, hicho ndicho chakula chake, nimemlisha miaka yote hii... mbona hufungi, fundi? Nina hasira, hasira yenyewe imetulia sasa, sitaki tena mende anisemee, nitafunga kama ulivyochora, mguu wa kushoto utainuka, na kabla hujafungua mdomo kunitaja nitasimama, nitasema ulimchora chali, na yale ya kwenye makala mwulizeni aliyaona kwa macho ya nani, ukinifukuza nifukuze, lakini utanifukuza mbele yao... umemaliza? anauliza, waya bado iko kwenye kibano, sijaigusisha popote, mende yuko chali miguu sita juu, vikombe vinagongana huko nje, bado, Profesa, nasema, lakini waite tu waingie, nataka wanione nikifunga.