Maji ya Nyumba ya Pili

Ngoja nikutegee kimoja, wewe uliyekaa hapo. Nina mgeni ninayemfuata mbali mimi mwenyewe. Nampandisha punda hadi nyumbani, namchemsha motoni asinidhuru, na bado ananipaka rangi meno na kunipinda miguu. Ni nani huyo? Wala usinipe mji, nitakutegulia mwenyewe. Ni maji. Maji ya huku kwetu, magharibi ya Mlima Meru, yana madini yasiyosikia moto. Ukicheka pale Arusha mjini, watu wanajua umekulia upande gani, maana meno yetu ni ya kahawia. Mjukuu wangu Gadiel alizoea kucheka ameziba mdomo.

Huyo Gadiel ndiye mkubwa. Anayemfuata ni Ndeshi, wa sekondari, na wa mwisho ni Emmanuel, tunamwita Ema. Mama yao alifariki Ema akiwa bado mchanga, nikabaki nao mimi. Wananiita koko, yaani bibi.

Gadiel alipofika chuo kikuu mjini, akajiunga na mashindano ya kubuni biashara. Mwenzake alikuwa Jackline, binti wa kule Moshono, pembeni ya mji, anayesomea mambo ya masoko, mwenye maneno mepesi kama mfanyabiashara wa mitumba. Wazo lao lilikuwa chujio. Gadiel alikusanya mifupa ya ng'ombe machinjioni, akaichoma kwenye tanuru mpaka ikawa mkaa, akaisaga na kuijaza kwenye ndoo yenye bomba. Akasema maji yakipita humo, yale madini yanabaki kwenye mkaa. Siku za mifupa mbwa wa kijiji kizima walimsindikiza mpaka mlangoni, na Ndeshi akawa anamwita mchungaji.

Mimi nilifurahi kwa sababu ya Ema. Mwaka huo magoti yake yalianza kugongana akitembea, na wenzake wakikimbia yeye alikaa chini akawaangalia. Nilimwambia Gadiel sitaki kanga wala sukari, nataka ndoo moja tu ya hayo maji kwa ajili ya mdogo wake. Akanijibu yaja, koko, usiwaze.

Chujio la kwanza likaenda kwa jirani yetu Tabea. Jackline alinieleza kwamba lazima lijaribiwe na watu baki, majaji wasije wakasema tunajisifu wenyewe. Nikakubali, kwani mimi shule niliishia ya msingi. Lakini siku moja nilimtuma Ndeshi kwa Tabea na kidumu, akamwombee Ema maji kidogo. Gadiel alikutana naye njiani akirudi. Alikichukua kile kidumu akamwaga maji yote kwenye migomba, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

"Utaharibu utafiti, koko," akaniambia.

Nikadhani anawaonea huruma watoto wa Tabea wasipungukiwe. Sikumtuma tena.

Siku ya mashindano tulishuka mjini, mimi na Ndeshi, Ema nikampakata. Ukumbi ulijaa wanafunzi waliovaa tai. Wengine walileta mikoba ya ngozi, wengine njia ya kuwauzia watalii asali kwa simu. Gadiel na Jackline waliitwa mwisho. Gadiel alikuwa na suti ya kuazima, mabega yanamning'inia. Akawaambia watu wayatazame meno yake, akayaonyesha yote bila kuziba mdomo. Mimi nikalia kidogo.

Kisha Jackline akaonyesha ukutani mistari miwili. Akaeleza kwamba walipima yale madini kwenye mkojo wa watoto wa nyumba mbili kwa mwaka mzima. Nyumba ya Kwanza ilipewa chujio, na mstari wake ulishuka. Nyumba ya Pili haikupewa kitu, iliachwa inywe maji yaleyale ili wapate cha kulinganisha. Mstari wake ulikuwa mwekundu, unapanda tu. Akasema mtoto mdogo wa Nyumba ya Pili ameanza kupinda miguu ndani ya huo mwaka. Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza mavuno.

Jaji mmoja, mama mtu mzima ambaye ni daktari, akavua miwani.

"Hao wa Nyumba ya Pili ni akina nani?" akauliza. "Na mliwaambia?"

Gadiel akaangalia viatu vyake. Jackline akadakia kwamba majina ya washiriki ni siri. Hapohapo kengele ya muda ikalia, watu wakapiga makofi.

Wakashinda. Wakapewa mtaji na tanuru kubwa. Ndeshi hakupiga makofi. Nikamfinya, nikamuuliza kaka yake kashinda, yeye amenuna nini. Akamchukua Ema mapajani mwangu.

Nyumbani tulichinja kuku. Jackline alikuja, na Tabea akaja na maziwa, vigelegele kuanzia getini. Tulipokaa kula, Gadiel akatangaza kwamba chujio la kwanza kutoka tanuru jipya ni la Ema. Neno hilo nililingoja mwaka mzima, lakini siku hiyo halikunishuka. Ule mstari mwekundu ulikuwa haujanitoka machoni.

"Ema atasubiri," nikasema. "Cha kwanza kipelekeni Nyumba ya Pili. Mtoto wa watu kapinda miguu ili ninyi mshinde. Ni akina nani, niende mwenyewe nikawape pole?"

Jackline akashika simu yake. Gadiel akainamia sahani. Nikauliza tena, na Tabea akaacha kutafuna. Ema alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji, Ndeshi akakivuta na kukiweka mbali naye.

"Ni hapa, koko," Ndeshi akasema. "Kila mwezi Gadiel alinituma nimkojoze Ema kwenye chupa. Nyumba ya Pili ni hii tuliyomo."