Kila Kinacholia Kipewe Mafuta

Baba yangu ni fundi wa pikipiki, na miaka yote ya usichana wangu alinikatalia wachumba kwa sababu ya oili. Sitii chumvi. Wenzangu wachumba wao walikataliwa kwa ulevi, kwa uvivu, kwa kuficha wake kwingine. Wangu walikataliwa kwa sababu klachi ingeteleza.

Mwanamume akija kuniposa, Baba hakumkaribisha sebuleni. Alimpitisha uani hadi karakana, akamsimamisha mbele ya meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, na hapo mezani vilikuwa vimepangwa vikombe vya bati, kila kimoja na mafuta yake. Kulikuwa na oili ya gari, oili ya pikipiki nyepesi na nzito, ile ya kuchanganya na petroli, na kikombe kimoja cha mafuta ya kupikia, cha kumnasa mjinga. "Pikipiki yangu ile pale," Baba alisema. "Inywe nini?"

Watu walitoka jasho. Karani mmoja wa bandarini, mtu wa tai, alichagua mafuta ya kupikia kwa kuwa yalionekana safi kuliko mengine, na Baba akamwambia akakaange mayai kwao. Dereva wa teksi alichagua oili ya gari. Hilo si kosa la kuchekwa, wengi hulifanya: kwenye pikipiki klachi inaogelea katika oili ileile ya injini, na oili ya gari ina utelezi wake wa ziada, ukiitia, klachi inashindwa kushika. "Mtu asiyejua kushika," Baba alisema, "namkabidhije binti?" Akaja mwingine, mwendesha pikipiki hasa, akanusa mara moja tu na kunyoosha kidole kwenye ile sahihi. Shangazi, dada yake Baba anayeishi nasi, alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Baba akamkatiza.

"Anachagua upesi mno. Atachagua na mke wa pili upesi hivyohivyo."

Siku hiyo ndipo niliposhuku kwamba mtihani wenyewe hauna jibu. Nilinuna. Nilimpelekea chai yake bila sukari, naye akainywa yote kama ina sukari. Kwa ukaidi hakuna wa kumcheka mwenzake katika nyumba yetu. Mama alipofariki tulibaki hivyo, watu watatu na harufu ya grisi.

Mimi nilikuwa nikiuza katika duka letu la vilainishi lililo mbele ya karakana, na hapo dukani ndipo alipoanza kuja fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kuwa ni mtu wa kunyooka. Alikuja kununua mafuta ya cherehani. Akaja tena. Akaja mara nyingi kiasi kwamba kama mafuta yote yale yaliingia kwenye cherehani, basi cherehani ile ilikuwa inazama. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Naye hakujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alinitazama tu, akasema gauni langu limekaa vibaya begani, na kwamba akipewa ruhusa angelirekebisha. Nilimpenda papo hapo na nikamkaripia papo hapo.

Aliponiambia atakuja kuniposa, nilimweleza kuhusu vikombe.

"Kwa pikipiki mimi ni kipofu," alisema.

"Basi nikuonyeshe."

"Hapana. Nikishinda kwa kuibia, mzee ataniona usoni. Mimi uso wangu hauna bitana."

Basi alikuja, mimi roho mkononi, Shangazi ameshika kanga mdomoni. Baba alimsimamisha mbele ya vikombe na kumuuliza lile swali lake. Sindano hakuvitazama vikombe. Alitoa tepu yake ya kupimia shingoni.

"Mwenye nguo ni huyu?" akauliza, akielekeza kidole kwenye pikipiki.

Baba akabaki mdomo wazi. Sindano akaipima ile pikipiki. Akaipima kifua, kiuno na mabega, yaani usukani. Akataka kujua ina umri gani, inabeba nini, inapanda vilima au inatembea tambarare, kukiwa na joto inapumua vipi. Baba, bila kupenda, alijibu yote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza habari za ile pikipiki. Kisha Sindano akaenda mezani, akachovya kidole katika kila kikombe na kusugua kwa kidole gumba, kama anavyosugua kitambaa dukani kwake.

"Hii inateleza mno, itamvuka," akasema kuhusu ya gari. Ya kuchanganya na petroli aliiacha, akasema hiyo ni ya kuvaa mara moja na kutupa. Ya kupikia akailamba. Hatimaye akashika ile nzito ya pikipiki. "Kifua chake kimeshaachia. Nyepesi itapwaya. Huyu anataka kitu kizito kidogo."

Ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyevijaza vile vikombe, nilijua. Shangazi alitazama dari ili asicheke. Baba alizunguka meza akitafuta kosa, na kwa kuwa hakuliona, akabuni mtihani wa pili ambao hajapata kumpa mtu.

"Vizuri. Sasa uimwage oili, ujaze hiyo uliyochagua. Kisha uikague yote, kila kinacholia kipewe mafuta. Jumapili nitaiendesha mwenyewe."

Nilitaka kubaki nisimamie, lakini wateja walinishika dukani. Niliwaza jambo moja tu: mjini kwetu watu wakisema kumwaga oili wana maana ya kubadilisha, na asiyejua anaweza kuimwaga chini na kuondoka zake. Nikachungulia dirishani. Sindano alimwaga, akajaza, akafuta kijiti cha kupimia oili, akapima, akafunga kizibo. Nikashusha pumzi. Nikarudi kwa mteja wangu aliyekuwa akibishana nami kuhusu grisi.

Nilisikia mnyororo ukilia, kisha ukanyamaza. Nilisikia stendi ikilia, kisha ikanyamaza. Springi za kiti nazo zikanyamaza. Nikamsikia akiisukuma pikipiki mbele na nyuma, breki zikitoa ule mlio wake wa panya, halafu nazo zikatulia, nikajisemea huyu mtu ana mkono mzuri. Mwishoni ilipigwa honi. Ikapigwa tena, ikatoa sauti ya mtu anayesukutua. Kisha kimya kabisa. Mimi mjinga nilidhani anaijaribu.

Jumapili mtaa mzima ulitoka. Barabara yetu inazunguka uwanja wa mpira kama mkanda na kurudi palepale, kwa hiyo aliyesimama kwenye baraza letu huona kila kitu. Baba alivaa koti lake la sherehe. Alipiga kiki moja na injini ikawaka, lakini watu wa nyuma hawakujua kama imewaka, ilivyokuwa tulivu. Niliona uso wa Baba ukilegea. Aliinamisha sikio. Pikipiki ile ilikuwa ikigonga tangu Mama yu hai, leo ilikuwa ikinong'ona. Akaondoka.

Alizunguka uwanja vizuri, mgongo umenyooka. Alipokaribia baraza, mguu wake ulikanyaga breki, mkono ukabana breki nyingine, na pikipiki ikampitisha mbele yetu bila kupunguza mwendo hata kidogo. Alibonyeza honi kuwaondoa watoto. Honi ikatoa pumzi.

"Oyaaa! Pisheni!" Baba akapaza sauti kwa mdomo, akapotea kwenye kona.

Shangazi alimgeukia Sindano taratibu. "Breki umezifanyaje?"

"Zilikuwa zinalia, nikazitia mafuta."

"Na honi?"

"Honi ndiyo iliyokuwa inalia kuliko vyote."

Nilijishika kichwa. Mtu aliyeambiwa kila kinacholia, akakitii kila kinacholia. Ungemwagiza Shangazi, ungeniagiza mimi, tungejua kwamba breki hazitiwi mafuta hata zipige mayowe. Kwa cherehani hakuna kitu kinachodhurika kwa tone moja la mafuta, na Sindano maisha yake yote ni cherehani.

Baba alirudi akiwa amekunja uso. "Huyu fundi cherehani simpi..." alianza, na kabla hajamaliza ameshapita.

Simpi. Watu wote waliguna. Jirani muuza mkaa akavua kofia kama yuko msibani. Mimi niliyekuwa nimejikaza tangu asubuhi nikaanza kulia, machozi na kamasi, mbele za watu, sikujali. Nilimtaka yule mwanamume na wembamba wake na tepu yake, na sasa nimemkosa kwa ajili ya honi. Sindano alinitazama, akatazama kidebe chake cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu, alichokuwa amekishika.

"Hata usithubutu," nilimwambia.

Baba akatokea tena konani. "...pikipiki nyingine maishani mwangu!" akamalizia, akapita.

"Amesema nini?" Muuza mkaa alirudisha kofia kichwani. "Asichompa ni pikipiki au binti?"

Mtaa ukagawanyika. Wengine walisema amekataa vyote, wengine wakasema binti hajatajwa. Shangazi alipiga kelele: "Zima injini, kaka! Geuza ufunguo, basi!"

"Nizime?" Baba alikuwa akipita. "Hamsikii inavyoimba?"

Kila alipotokea alituachia kipande cha maneno. Oili ni sahihi. Breki ni upuuzi mtupu. Mtu anayepima kifua cha pikipiki ni mwendawazimu, lakini. Hilo "lakini" alikwenda nalo uwanja mzima, na aliporudi hakuliongezea kitu. Watu walianza kumwandalia majibu. Mwenye duka la vitabu vya shule alimsogezea kikombe cha maji, Baba akakinyakua, akakirudisha mzunguko uliofuata kikiwa kitupu, akashukuru.

Nilifuta uso. Nilimwangalia vizuri alipopita. Miguu yake ilikuwa imetulia juu ya vikanyagio, haitafuti breki tena. Ufunguo ulikuwa pale, chini ya mkono wake wa kulia, mkono ambao unaweza kuzima injini yoyote gizani. Hakuwa anatutazama. Alikuwa akitazama mbele, kama mtu anayesafiri mbali. Hapo nikaelewa, na hasira yangu yote ikanitoka. Baba hakuwa ameshindwa kusimama. Alikuwa hataki kufika, kwa kuwa akifika itabidi aseme ndiyo.

"Mwacheni," niliwaambia watu.

Wakamwacha. Mmoja mmoja walirudi majumbani, maana hata maajabu yakizidi yanachosha. Baba aliendelea kuzunguka uwanja mtupu, mpaka mzunguko mmoja hakutokea.

Tulimkuta upande wa pili wa uwanja, nyuma ya goli. Petroli ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki, miguu chini, koti limejaa vumbi, naye hakutaka kushuka. Basi Sindano akashika nyuma kushoto, mimi nikashika nyuma kulia, tukaanza kumsukuma kuelekea nyumbani.

"Petroli hukunitilia," Baba alisema bila kugeuka.

"Hukuniagiza, mzee."

"Kweli. Sikukuagiza." Tulisukuma kidogo. "Injini umeipatia. Hilo nalisema, nisije nikaambiwa nimelificha."

"Ahsante, baba."

"Usiniite baba bado."

Nilishindwa kuvumilia. "Baba, kwani unaogopa nini? Nahamia ng'ambo ya barabara tu! Ukipiga chafya kitandani, mimi huko nakuombea afya. Chai yako nitaileta mwenyewe kila siku."

"Ni mbali," alisema.

"Hatua chache, Baba!"

"Ni mbali."

Sindano aliinama akasukuma tu, jambo lililonifanya nimpende zaidi. Tulilipita goli la pili, tukaingia upande wa nyumbani, magurudumu yakizunguka bila sauti yoyote, kwa jinsi alivyoyatia mafuta. Tulipofika kati ya duka letu na duka lake, Baba aliinua mkono tusimame. Pikipiki haikusimama, ilibidi tuikamate.

"Ule mlango wako," akamwambia Sindano, akionyesha kwa kidevu nyumba ya fundi cherehani. "Bawaba zake zina kutu."

"Nitazitia mafuta leo hii, mzee."

"Usiziguse!" Baba alishtuka hadi pikipiki ikayumba. Kisha akashusha sauti, akasema akiutazama usukani. "Uache hivyohivyo, upige kelele. Kila asubuhi mke wako akifungua, nataka niusikie."

Sindano akasema sawa. Mimi niliinamisha kichwa nikaendelea kusukuma.